Tatu kwa Tano: Historia ya Kulipwa Nusunusu Kazini kwa Serikali

Wasee, leo nataka tuongee hesabu. Hesabu ni moja tu: tatu kwa tano.

Mwaka wa 1948, tume iliyoitwa Holmes ilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ilipendekeza Mwafrika anayefanya kazi sawa na Mzungu, mwenye karatasi sawa, alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Yaani Mzungu akilipwa 100, wewe unapewa 60. Sababu? Eti hata kama mmesoma sawa, kazi yako haijafikia kiwango chake.

Na si ati Wakenya walikuwa wamelala. Mbiyu Koinange alirudi nyumbani mwaka wa 1938 akiwa na shahada ya Columbia kule Marekani. Akapewa kazi ya ualimu kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu. Jamaa akakataa. Mwaka uliofuata, 1939, akaanzisha chuo cha walimu Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya wananchi. Kumbuka hiyo ni karibu miaka kumi kabla ya ripoti ya Holmes. Ubaguzi ulikuwepo tayari, Holmes aliuwekea tu fomula.

Mwaka wa 1954 tume nyingine, Lidbury, ikasema mishahara ya rangi ifutwe, wote wawe kwa skeli moja. Tunashangilia, sivyo? Ngoja. Maafisa waliotolewa ng'ambo wakaongezewa marupurupu maalum ya kuwavutia waje kufanya kazi huku. Kwa karatasi mko sawa, lakini mwisho wa mwezi bado kuna mtu anabeba zaidi. Pengo halikuondoka, lilibadilishwa jina. Shika hiyo point, tutairudia.

Sasa twende kwa walimu, kwa sababu hao ndio kundi kubwa zaidi linalolipwa na serikali hii yetu. Zamani mwalimu hakuwa na mwajiri mmoja. Kuna aliyeajiriwa na misheni, kuna wa serikali ya wilaya, na kila mmoja ana mshahara wake na masharti yake. KNUT iliundwa 1957, na mojawapo ya vita vyake vikubwa ilikuwa hiyo: mwajiri mmoja, masharti sawa. Wakashinda. Mwaka wa 1967 Bunge likaunda Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Baadaye, kabaraza za kaunti ziliposhindwa kulipa walimu wa msingi, serikali kuu ikachukua mzigo huo kuanzia 1970.

Kwa miaka mingi baada ya hapo mambo yalikuwa rahisi. Ukimaliza chuo cha ualimu unapangiwa shule. Kama mzazi wako ama mwalimu wako wa zamani aliingia kazini miaka ya 80, muulize alitarmac miaka mingapi. Atakucheka.

Halafu ikafika miaka ya 90. Wafadhili wanabana, na kutoka 1993 serikali ina mpango rasmi wa kupunguza wafanyakazi. Oktoba 1997, karibu na uchaguzi, walimu wakagoma na wakaahidiwa nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200. Uchaguzi ukapita. 1998 serikali ikasema haina pesa, walimu wakagoma tena. Na mwaka huo huo ikasimamisha kuajiri walimu wapya moja kwa moja. Kutoka hapo nafasi zikawa za kujaza mapengo tu, mwalimu akifa ama akistaafu.

Sasa ongeza hii: Januari 2003, Kibaki anaondoa karo ya shule za msingi. Watoto zaidi ya milioni moja wanaingia madarasani. Watoto wameongezeka, kuajiri kumefungwa. Nani alijaza hilo pengo? Mzazi. Shule zikaanza kuajiri walimu wao wenyewe, wale wa PTA, leo tunawaita wa BOM. Kazi ileile, ubao uleule, mshahara kulingana na kile wazazi wamechanga. Yaani tukarudi kabla ya 1967 bila mtu kutangaza.

Kisha wakaja walimu wanagenzi, wale mnaowaita intern. Kwa Sekondari Msingi walikuwa wanalipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwalimu wa digrii aliyeajiriwa kudumu kwa gredi ya C2 alikuwa anaanzia juu ya 34,000, na hapo hujaongeza marupurupu. Toa simu, piga hesabu. Tatu kwa tano ya 34,000 ni 20,400.

Umeona? Holmes angekuwa amelipa zaidi kidogo.

Najua kuna mtu atasema, "Bro, hiyo ilikuwa rangi, hii ni uzoefu." Ni kweli si kitu kimoja, na sitasema ni kitu kimoja. Ila mwanagenzi si mtu amekaa nyuma ya darasa akiandika notes. Binamu yangu alifanya hiyo kazi. Alikuwa na masomo matatu, wakati mwingine hata yale hakusomea, anaweka maksi, anasimamia michezo. Hakukuwa na mwalimu mkuu wa kumfunza kazi, kwa sababu hakukuwa na mwalimu mwingine wa hayo masomo. Huyo anajifunza ama anafanya kazi? Mimi niliacha campo, na watu huniambia ningesoma ningekuwa sawa. Yeye alisoma, akamaliza, na bado alikuwa anakopa fare ya kwenda kufundisha.

Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ilisema TSC haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Mwezi uliofuata walimu wa JSS walikuwa barabarani. Januari 2025, wanagenzi 46,000 wakaingia kwa ajira ya kudumu na pensheni. Hongera kwao, walipigania. Lakini wakati huohuo wanagenzi wengine 20,000 wakaletwa kushika nafasi zao. Pengo limepata watu wapya.

Ndio maana nimewarudisha hadi 1948. Kila kizazi kinaambiwa hakijafikia kiwango, na kila mara sababu ina jina jipya. Pesa haitoshi, sawa, hiyo tunaweza kujadili kama watu wazima, tuulize bajeti inaenda wapi. Lakini ukipewa barua ya kazi ya serikali yenye neno tamu tamu, usisome neno. Muulize aliye dawati la pili anafanya nini na analipwa ngapi, halafu ugawanye.