Jina Jipya la Manowari ya Sayyid Said

Chombo kikipata mwenyewe mpya, jina lake hufichua mengi kuliko hati ya mauzo. Mwaka 1836 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alimtunuku Mfalme William IV wa Uingereza manowari iliyoundwa Bombay mwaka 1826, jina lake Liverpool. Waingereza hawakulibakiza jina hilo, ingawa ni la mji wao wenyewe. Wakaiita Imaum, yaani Imamu, kwa cheo walichozoea kumwitia aliyeitoa, na ikaishia Jamaica na heshima hiyo. Atasema mtu kwamba hizo ni adabu za wafalme, hazimhusu mvuvi. Zinamhusu sana: anayeandika Tawakal ubavuni mwa mashua aliyoinunua juzi naye anamtaja hadharani anayemtegemea, kabla hata ya kutweka tanga.