Ekifaananyi: Brashi na Kamera Mjini Kampala

Waganda huiita picha ekifaananyi, yaani kitu kinachofanana na kingine, na neno hilo halibagui kilichochorwa na kilichopigwa kwa kamera. Mzizi wake ndio ule ule wa neno la Kiswahili kufanana. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alimpiga picha Kabaka Mutesa I, mfalme wa Buganda. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1878, wasomaji waliona mchoro uliochongwa kwa kuifuatisha picha ile. Sura iliyonaswa na kamera iliufikia ulimwengu kwa mkono wa mchoraji.

Mwanzoni mwa karne ya 20 zikaja studio. Alfred Lobo, Mgoa wa Entebbe, alieneza postikadi za Uganda. Studio za enzi hiyo ziliazima mapambo ya michoro ya mabwana wa Ulaya: pazia, meza ndogo, kitabu mkononi.

Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Kampala, na darasa lake likakua kuwa shule ya sanaa ya Makerere. Hakutaka wanafunzi waige Ulaya. Aliwasimulia kisa, wakione kwanza akilini, ndipo washike brashi. Mchoraji Sam Ntiro wa Tanganyika alitoka mikononi mwake. Cecil Todd, aliyempokea Trowell mwaka 1958, aligeuza mkondo, akafundisha historia ya sanaa ya Ulaya na kanuni za rangi. Wasomi wamebishana sana nani alikuwa sahihi. Mimi naona mpigapicha anawahitaji wote wawili. Kwa Trowell hujifunza kuiona picha kabla ya kuipiga. Kwa Todd hupata ufunguo wa mabwana kama Rembrandt, ambaye mwanga wake hushuka kutoka upande mmoja na kuacha pembetatu ndogo angavu kwenye shavu lililo kivulini. Anayeujua mwanga huo ataukuta Katwe hapa Kampala, katika chumba chochote chenye dirisha moja.

Katika miaka hiyo ya Trowell, Musa Katuramu alikuwa akipiga picha za watu wa Mbarara, magharibi mwa Uganda. Kisha zikaja dhoruba. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na pamoja nao wakaondoka baadhi ya wenye studio. Wapigapicha wa serikali waliendelea na kazi, lakini negativu zao, zipatazo 70,000, zililala kabatini katika shirika la utangazaji hadi mwaka 2015. Baadhi zilionyeshwa mwaka 2019 katika Jumba la Makumbusho la Uganda, ambalo Trowell mwenyewe aliwahi kulitunza.

Kizazi cha sasa kimerithi mabaki hayo. Tangu mwaka 2011 mradi wa History in Progress Uganda umekusanya picha za kale na kuchapisha vitabu chini ya jina Ebifananyi, vikiwemo vya wapigapicha Katuramu na Deo Kyakulagira. Kijana wa Kampala aliyezoea kutafuta walimu wa jicho Paris au Bamako, kwa mpigapicha Seydou Keïta, sasa anao wa nyumbani. Mpigapicha Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda aliyetuzwa katika tamasha la picha la Arles, Ufaransa, mwaka 2016, alikwenda mbali zaidi: alichukua picha za kikoloni kutoka hifadhi ya Bristol, Uingereza, ambazo wengi wa waliopigwa hawakuandikwa majina, akaziweka kando ya picha za Waafrika wa leo alizozipiga mwenyewe.