Kadi ya Senti 25 na Sauti ya Wasio na Kura

Wapo wanaoamini kwamba klabu ya mashabiki ni mchezo wa watoto na biashara ya watu wazima, basi. Historia ya EC Fan-Addict Club, iliyoanzishwa New York mwaka 1953, yanifanya nifikiri vinginevyo.

EC ilikuwa kampuni ya vitabu vya katuni aliyoirithi William Gaines kutoka kwa baba yake mwaka 1947. Ilichapisha hadithi za kutisha, za uhalifu, za vita na za sayansi ya kubuni. Baadhi zilikemea waziwazi ubaguzi wa rangi. Wasomaji walikwisha kuanza wenyewe kutoa vijarida vya kuzijadili, na kampuni ikaiona fursa. Kwa senti 25 mwanachama alipata kadi, cheti, beji na nembo ya kushona kwenye nguo. Hadi hapo hapana siasa. Ni soko tu.

Tarehe 21 Aprili 1954 kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliyochunguza uhalifu wa vijana ilianza kusikiliza mashahidi mjini humo kuhusu vitabu vya katuni. Daktari wa akili Fredric Wertham alidai kwamba vitabu hivyo viliwaharibu watoto. Gaines alikwenda kwa hiari yake kujitetea. Seneta Estes Kefauver alimwonyesha jalada lenye kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akamuuliza kama picha ile ilikuwa ya staha. Gaines alijibu kwamba ndiyo, kwa jalada la hadithi ya kutisha. Jibu hilo lilimponza.

Ndipo kadi ile ilipopata maana mpya. Kampuni iliwasihi wanachama na wasomaji wake waiandikie kamati barua za kutetea walichokipenda. Watoto wasio na kura, waliokuwa wakisemewa na wakubwa, waliombwa waseme wenyewe. Ni kweli kwamba Gaines alikuwa akilinda pato lake. Lakini haki ya kusikilizwa haibatiliki kwa sababu aliyeikumbusha ana maslahi.

Barua hazikutosha. Hata hivyo, Seneti haikupiga marufuku chochote, wala haikuhitaji kufanya hivyo. Hofu ilitosha. Wasambazaji walikataa mizigo, na wachapishaji wakaunda chama chao na kujitungia kanuni Oktoba 1954. Gaines akayafunga majarida yake ya kutisha na ya uhalifu.

Kanuni hiyo ilionyesha sura yake alipotaka kuchapisha upya hadithi ambayo mwishoni mwanaanga anavua kofia na kuonekana kuwa ni mtu mweusi. Mkaguzi alitaka rangi yake ibadilishwe. Gaines alikataa, na mwaka 1956 hadithi ikatoka ilivyo. Toleo hilo likawa la mwisho katika vitabu vyake vya katuni. Akabaki na MAD, lililokwisha kugeuzwa jarida mwaka 1955 na hivyo kuwa nje ya kanuni.

Msomaji na aupime mwendo huo. Kanuni iliyotungwa kwa jina la kuwakinga watoto dhidi ya vichwa vilivyokatwa ilifikia kutaka kuwaficha uso wa mtu mweusi. Udhibiti usio na sheria hauna mahakama ya kuukatia rufaa. Ndiyo maana nazithamini barua za wanachama wale: ziliandikwa na watu ambao hakuna aliyelazimika kuwajibu.