Mfungo Tano 1302: Siku ya Mkataba wa Msowero



Ndugu msomaji, kila mwaka taifa letu huadhimisha tarehe 9 Desemba, siku ya uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961. Kwa hesabu ya miezi yetu siku ile iliangukia mwanzoni mwa Rajab 1381. Siku kumi tu kabla yake katika kalenda ipo tarehe nyingine, 29 Novemba, ambayo hupita kimya hata katika wilaya ya Kilosa ilikotokea. Muislamu wa Mvumi anaweza kuimaliza siku hiyo shambani bila kusikia neno lolote juu yake, ilhali Msowero, lilikotokea jambo lenyewe, ni kata ya wilaya yake hiyohiyo.

Siku hiyo ya Jumamosi, mwaka 1884, Mangungo wa Msowero (Wajerumani waliandika Msovero) aliweka alama yake kwenye karatasi iliyoitwa mkataba wa urafiki wa milele. Aliyeileta ni Carl Peters, aliyefika Unguja mwanzoni mwa mwezi huo pamoja na wenzake na kuvuka bara kwa haraka. Karatasi ilisema kwamba Mangungo anaitoa nchi yake kwa jumuiya ya Wajerumani ya kutafuta makoloni. Kwa mtindo huohuo Peters alikusanya mikataba kadhaa katika Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwisharudi Unguja. Wiki mbili kabla ya siku ya Msowero, tarehe 15 Novemba, wakubwa wa Ulaya walikuwa wamefungua mkutano wao wa Berlin. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake Kaiser akaitolea ardhi hizo hati ya ulinzi. Seyyid Barghash wa Zanzibar alipinga. Agosti ya mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wake.

Sasa tuitazame tarehe hiyo kwa mwezi wetu. Tarehe 29 Novemba 1884 inaafikiana na yapata tarehe 10 Safar 1302, pengine kwa tofauti ya siku moja kutokana na kuandama kwa mwezi. Safar ndiyo Mfungo Tano ya wazee wetu, na hapa pana hatari ambayo maimamu wanaijua. Wapo wanaouona mwezi huu kuwa wa nuhusi, wakaogopa kusafiri au kuoa ndani yake, na Jumatano yake ya mwisho wakaiogopa zaidi. Mtu wa namna hiyo akisikia kwamba nchi yetu iliandikiwa Wajerumani katika Safar atasema: “Si mnaona!” Lakini Mtume (s.a.w.) aliikanusha itikadi hiyo, kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim. Na alipofariki mwanawe Ibrahim, jua likapatwa siku hiyo, watu wakaunganisha mambo hayo mawili, naye akawaambia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Mwezi wa Safar haukumdhulumu mtu yeyote pale Msowero. Dhuluma ilikuwa ndani ya karatasi.

Na juu ya karatasi fiqhi ina mengi ya kusema. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe, mwandishi awe muadilifu, na anayesomesha maneno ya kuandikwa awe ni yule ambaye haki iko juu yake. Na kama hawezi, basi walii wake asomeshe kwa uadilifu. Aya hiyo imeshuka juu ya deni, lakini hekima yake inaonekana wazi hapa. Pale Msowero mambo yalikuwa kinyume kabisa: anayepokea ndiye aliyeandika, kwa lugha yake, na anayetoa hakuweza kuisoma. Ongeza kwamba mafakihi wameshurutisha ridhaa ya pande mbili, kujulikana kitu kinachotolewa, na mtoaji awe anakimiliki au ana mamlaka juu yake. Mtemi ni msimamizi wa watu wake. Mashamba yao si mali yake ya kumpa mgeni aliyepita njia. Kwa mizani hii mkataba ule haukuwa na nguzo hata moja iliyosimama.

Ndiyo maana hatupendezwi na mazoea ya kuliita kila jambo la hasara lililotiwa saini nchini mwetu “mkataba wa Mangungo”. Mtu aliyedanganywa amefanywa jina la ujinga, na aliyedanganya akasahauliwa. Huku ni kugeuza hukumu.

Inafaa pia tukumbuke kwamba kalenda yetu yenyewe ilizaliwa kutokana na swali la hati. Imepokewa kwamba Khalifa Umar (r.a.) aliletewa hati ya madai iliyotaja Shaaban, akauliza: Shaaban ipi, hii tuliyo nayo au ile iliyopita? Ndipo akashauriana na Masahaba, na yapata mwaka wa 17 wakakubaliana kuanza kuhesabu tangu Hijra. Hawakutafuta siku ya sherehe. Walitaka haki ya mtu isipotee kwa kukosa tarehe.

Mkulima wa Mvumi anafuata mvua, na mvua hufuata jua. Hana makosa, kama ambavyo mabaharia na wakulima wa pwani walivyohesabu siku zao kuanzia Nairuzi, ambayo watu wa Makunduchi bado wanaiona kila Julai. Lakini mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11. Mwenye duka anayetoa zaka yake kila Desemba anachelewa siku hizo kila mwaka, na katika miaka 33 atakuwa ameacha zaka ya mwaka mzima bila kujua. Kosa hili tunaliona mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Tofauti hiyohiyo inaihusu siku ya Msowero. Kwa jua ilitimiza miaka 140 mwaka 2024. Kwa mwezi ilikuwa imekwishatimiza tangu Safar 1442, yaani mwaka 2020. Miaka 150 kwa jua itatimia Novemba 2034, na kwa mwezi Safar 1452, ambayo kwa hesabu itaangukia Juni 2030. Imamu wa Kilosa anayetaka kuitolea khutba ya mikataba na amana anaweza kuanza kukusanya maneno ya wazee tangu sasa, maana wanaoyajua wanapungua.