Mlango Uliotoboka

Nilitoboa mlango wa gari la mteja. Ndugu msomaji, usicheke. Bati lenyewe lilikuwa la milimita 0.8, na mimi ndio kwanza wiki ya pili nashika bunduki ya MIG kwenye gereji moja ya Unga Limited, hapa Arusha. Fundi hakufoka. Alisema tu, "Dogo, hilo tundu limekula posho yako," akarudi kwenye kazi zake.

Usiku nikajiuliza: hivi chuma kiliungwaje zamani huku kwetu? Kwa Wamaasai kazi ya chuma ilikuwa ya ilkunono, wahunzi waliofua mikuki na sime kwa mkaa na mivukuto. Ajabu ni kwamba mkuki ulipendwa, aliyeufua akatengwa, hata kuoana naye watu hawakutaka. (Sisi mafundi wa leo tunadharauliwa kidogo tu, tushukuru.) Mhunzi wa kale huunga kwa nyundo: vyuma viwili vinaiva motoni, vinapigwa, vinashikana. Moto wake ni wa taratibu, anausoma kwa rangi.

MIG haikupi nafasi hiyo. Ilibuniwa mwaka 1948 katika taasisi ya Battelle, Ohio, Marekani, kwa ajili ya aluminiamu hasa. Waya unajilisha wenyewe, gesi inafukuza hewa. Mwaka 1953 Wasovieti wakatumia kabonidioksaidi, gesi rahisi, na chuma cha kawaida kikaungika kwa bei nafuu. Lakini moto ulikuwa mkali mno kwa bati. Ilibidi kungoja mpaka 1958 na 1959, walipoleta waya mwembamba na umeme mdogo: waya unagusa chuma, moto unazima, tone linadondoka, moto unawaka tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Kumbe ule mlio wa chapati kikaangoni ndio huo! Bati linaungika kwa sababu moto unazimika-zimika.

Mimi nilikuwa nauvuta mstari mrefu bila kupumzika, na waya wa milimita 1.0 juu yake.

Arusha imejaa shule za chuma. Chuo cha Ufundi kilianza 1978, TEMDO 1980, CAMARTEC 1981. Mimi sikupita huko. Wengi wetu tumejifunzia mitaani, kwenye gereji zinazokata Land Cruiser katikati na kuzirefusha ili watalii wasimame wakitazama simba. Humo fundi alinionyesha: kwangua rangi mpaka chuma king'ae, banana bati na bati pasiwe na mwanya, tumia waya wa 0.6, piga doti moja hapa, nyingine mbali kule, ngoja vipoe. Ukiharakisha, bati linajikunja kama jani la mgomba juani.

Tundu langu nililiziba mwenyewe Ijumaa. Nyuma niliweka kipande cha shaba, maana shaba hunywa joto na haigandi na chuma, nikapiga doti kumi na moja, nikasaga. Rangi ilipopigwa mteja hakuona kitu. Posho sikurudishiwa.