Ofisa wa Manowari na Siku ya Sagana

Katika nchi hii iliyo baina ya Nyandarua na Mlima Kenya, tangu Mweiga, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Aberdare, hata Kiganjo na Nanyuki, habari ya tarehe 6 Februari 1952 husimuliwa aghalabu kwa namna moja tu: kwamba Binti Mfalme Elizabeth alipanda mtini jioni, na asubuhi akashuka hali amekwisha kuwa malkia. Simulizi hiyo ni ya kweli, walakini imemsahau mtu wa pili aliyepanda na kushuka pamoja naye. Na rai yangu ni kwamba siku ile iliyoanzisha enzi ya mmoja ndiyo iliyokata kazi ya mwingine, yaani mumewe Philip Mountbatten, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, na kwamba asiyeifahamu kazi hiyo hataufahamu barabara mwenendo wa mtu huyo katika nchi yetu, mwaka ule wala miaka kumi na moja baadaye.

Alizaliwa kisiwani Corfu tarehe 10 Juni 1921, katika ukoo wa kifalme wa Ugiriki na Denmark. Kabla hajatimiza miaka miwili baba yake alihukumiwa kuhamishwa, na jamaa nzima ikachukuliwa na manowari ya Kiingereza iitwayo Calypso, mtoto amelazwa katika sanduku la machungwa lililogeuzwa kitanda. Tangu hapo hakuwa na makao ya kudumu: mama alishikwa na maradhi ya akili, baba akaenda kukaa kusini ya Ufaransa, na kijana akalelewa na jamaa wa upande wa mama, na babu yake wa upande huo, Louis wa Battenberg, alikuwa mkuu wa jeshi la maji la Uingereza hata mwaka 1914. Basi alipoingia chuo cha Dartmouth mwaka 1939, akatoka mwanafunzi bora wa kundi lake, nadhani alikuwa amepata kwa mara ya kwanza nyumba yenye sheria zinazojulikana na nafasi iliyo yake.

Vita vilimthibitisha. Usiku wa tarehe 28 Machi 1941, karibu na rasi ya Matapan, yeye ndiye aliyesimamia taa za kumulikia adui katika manowari Valiant, hata manowari za Kitaliani zikaonekana wazi mbele ya mizinga na kuangamizwa. Jina lake likatajwa kwa sifa katika taarifa za vita. Lakini tukio linaloonyesha zaidi akili yake ni lile la Julai 1943, pwani ya Sicily, alipokuwa msaidizi wa kwanza wa nahodha katika Wallace. Ndege ziliiwinda manowari ile usiku, zikaidhuru, na ilikuwa dhahiri kwamba zitarudi kuimaliza. Akaamuru mbao ziunganishwe upesi kuwa chelezo, vyombo vya kutoa moshi vikafungwa kwenye ncha zake, chelezo kikashushwa majini. Kisha manowari ikaenda mbio dakika chache, ikazima mitambo, ikatulia gizani. Ndege ziliporudi zikakishambulia chelezo kile, zikidhani ni mabaki ya chombo kinachoungua. Baharia mmoja aliyekuwamo alisimulia habari hiyo miaka mingi baadaye, akisema kwamba maisha yao waliyapata kwa hila ile.

Mwaka 1950, akiwa amekwisha kumwoa Elizabeth, alikabidhiwa manowari yake mwenyewe, Magpie, iliyokuwa na makao Malta. Wapo wanaosema kazi yake ilikoma Julai 1951, alipoondoka Malta kwa sababu ya ugonjwa wa mfalme. Hapo sikubaliani nao, maana alichopewa kilikuwa likizo, na mwenye likizo hana sababu ya kukata tamaa ya kurudi chomboni. Tamaa hiyo ilikatika siku ile ya Februari 1952, katika Nyumba ya Sagana walimofikia. Usiku walikuwa Treetops, chumba kilichojengwa juu ya mugumo, mti ambao Wakikuyu huuheshimu kama mahali pa sala. Asubuhi wakarudi Sagana. Habari ya kifo cha mfalme ilifika hoteli ya Outspan kwa kinywa cha mwandishi wa gazeti, ikapelekwa kwa Michael Parker, katibu wa Philip na baharia mwenziwe wa siku za vita, naye akamwambia Philip, na Philip akamwambia mkewe. Meli Gothic ilikuwa ikiwangoja Mombasa, iwachukue Ceylon na Australia. Safari ile hawakuipanda, bali jioni ile waliruka kutoka Nanyuki kwenda Entebbe. Januari 1953 alipandishwa kuwa Amiri Mkuu wa Bahari, cheo kisicho na cha juu yake, naye hana hata mashua moja ya kuamuru.

Insafu yanidai niseme na jambo jingine. Nyumba ile ya Sagana ilikuwa zawadi ya arusi kutoka kwa serikali ya koloni, ikatolewa katika nchi ambayo wenyeji wake walikuwa wakililia ardhi yao iliyokatwa kuwa mashamba ya walowezi. Tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa. Mei 1954 Treetops iliteketezwa kwa moto. Utii wa Philip ulikuwa fadhila, lakini ulikuwa utii kwa dola iliyowanyima watu wa Nyeri haki yao, na mimi siwezi kuisifu fadhila hiyo nikainyamazia dhuluma hiyo.

Hata hivyo nahodha hufundishwa kukabidhi chombo kwa utaratibu, bila kinyongo, kwa anayekuja zamu. Hivyo ndivyo ninavyomwona Desemba 1963, alipotumwa kwa niaba ya malkia kwanza Unguja, tarehe 10, kwa Sultani Jamshid, kisha Nairobi, ambako tarehe 12 alimkabidhi Jomo Kenyatta hati za uhuru. Nyumba ya Sagana nayo ikaingia mikononi mwa serikali mpya, na hata leo ni mojawapo ya ikulu ndogo za rais wa Kenya.