Singida na Singani

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Singida, afikapo Ikungi, hulakiwa na majabali ya matale yaliyopandana kama magunia ya mtama yaliyosahauliwa uwanjani. Jiwe hilo lilikuwa uji wa moto uliopoa polepole chini kabisa ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Mvua na pepo ndizo zilizoliondolea paa lake. Bonde la Ufa lilipoipasua Afrika ya Mashariki halikuweza kulivunja pande hili kongwe. Liligawanyika: mkono mmoja ukapita Tanganyika, mwingine Manyara, uliko Mlima Hanang wenye mita 3,420. Ikungi ikabaki kati, haina volkeno.

Ng'ambo ya maji, Ngazidja, mambo ni kinyume. Kisiwa karibu chote ni lava iliyoganda. Mlima Karthala, wenye mita 2,361, ni volkeno ya umbo la ngao: lava yake ni nyepesi kutiririka, haijikusanyi ikawa pia iliyochongoka, bali hutambaa mbali, tabaka juu ya tabaka, hata mlima ukafanana na ngao iliyolazwa kifudifudi. Jina hilo lisimhadae mtu, kwani ngao hii haikingi. Mwaka 1903 hewa yake ya sumu iliua watu 17. Aprili 1977 ardhi ilipasuka ubavuni, upande wa kusini-magharibi, mbali na kilele, na lava ikakishukia kijiji cha Singani. Watu waliwahi kukimbia. Nyumba hazina miguu.

Singida na Singani: sikio la mshairi hutamani kuzioanisha, ingawa jiwe la moja limekwisha kusahau moto na la pili lingali lina joto la jana.

Wasimulizi hupenda moto, nao huyapita upesi majivu. Lakini msiba wa Novemba 2005 ulikuwa wa majivu. Ngazidja haina mito ya kudumu, maana lava yenye vitundu huimeza mvua mara inaponyesha. Wengi hunywa maji yaliyokingwa katika mabirika. Majivu yakaingia humo, na maelfu ya watu wakakosa maji ya kunywa huku mabirika yao yamejaa.

Karthala ulilipuka tena Mei 2006, kisha Januari 2007. Singani ilijengwa upya. Wazee waliokimbia mwaka ule wanalizidi umri jiwe lililofunika nyumba zao.